Bata wa Talaka ya Tatu

Mara ya kwanza Inshiraha kuachwa, sababu ilikuwa kinyozi. Mara ya pili ilikuwa nguzo ya umeme. Mara zote mbili hakuwa na habari mpaka alipoletewa, na mara zote mbili mikono yake ilikuwa imejaa unga wa mkate.

Mumewe, Dardiri, alikuwa dalali wa nyati wa kufugwa kwenye soko la Jumanne karibu na Qus, Misri ya Juu. Dalali wa mifugo hana duka, hana mizani, hana hata kamba yake mwenyewe. Ana ulimi tu. Na ulimi wa Dardiri ulikuwa na neno moja alilolitumia kama seremala anavyotumia nyundo: "Talaka juu yangu!" Talaka juu yangu nyati huyu hajazaa zaidi ya mara mbili. Talaka juu yangu huondoki hapa bila kunywa chai. Talaka juu yangu joto la mwaka jana lilizidi hili. Maana yake, kwa mtu anayechukua maneno kama yalivyo, ni kwamba ikiwa nyati amezaa mara tatu, au mgeni ameondoka na kiu yake, basi mke aliyeko nyumbani, anayekanda unga na asiyejua lolote, ameachika.

Wanaume wa pale wote huapa hivyo. Huapa wakigombania kumlipia mwenzao nauli, huapa kwenye domino, huapa wakimsihi mgonjwa anywe supu. Hakuna anayekusudia kuacha mtu. Neno limepita vinywani mpaka limekuwa laini kama kokoto ya mtoni, na watu hulirushiana hivyo hivyo, kwa mapenzi.

"Mimi ni chumvi ya Baba Rifai," Inshiraha alizoea kuwaambia majirani. "Asiponitia, maneno yake hayanogi."

Rifai alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa Kuwait akipiga plasta majumba ya watu, na kwa jina lake wazazi waliitwa Baba Rifai na Mama Rifai. Jina la Inshiraha mwenyewe lilikuwa limekaa miaka bila kutumika, kama sahani za arusi.

Habari ya kinyozi ni hii. Kinyozi Shawqi alimkwangua Dardiri sikio, damu ikatoka, na Dardiri akaapa mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini kwamba Shawqi akitia mguu nyumbani kwake, mkewe kaachika. Miezi miwili baadaye tanuri la mkate likashika moto, moto ukaparamia mabua yaliyokaushwa juu ya paa, na mtu wa kwanza kuingia na ndoo ya maji alikuwa Shawqi. Aliuzima moto. Alimtoa Inshiraha na watoto. Alipokuwa bado anakohoa moshi, mtu mmoja akasema polepole, "Lakini Shawqi... mguu wako."

Wote wakautazama mguu wa Shawqi.

Shekhe Abdulmuti, imamu wa msikiti mdogo, alikuwa kijana wakati huo, mkali, na alikuwa na kitabu. Akakifungua, akasema imepita: talaka moja. Inshiraha akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake, akakaa wiki tano, mpaka Dardiri alipochoka kula jibini na kitunguu, akamrejea kabla eda haijaisha.

Nguzo ya umeme ilikuja miaka tisa baadaye. Dardiri aliapa kwamba haitasimikwa mbele ya mlango wake. Wafanyakazi wa serikali walikuwa na karatasi yenye muhuri, na karatasi ile haikusema chochote kuhusu mke wa Dardiri. Kabla ya adhuhuri nguzo imesimama. Kitabu kikafunguliwa tena: talaka ya pili. Mara hii Inshiraha alikaa kwa kaka yake siku hamsini, na wifi yake akawa anaifunga kabati ya sukari kwa ufunguo.

"Umeme uliingia nyumbani kwangu nikiwa sipo," alisema aliporudi. "Waliouona mwanga wa kwanza ni panya."

Ikabaki moja. Ya tatu ikipita hakuna kurejeana, mpaka mke aolewe na mwanamume mwingine kwanza na huyo naye amwache au afe. Kila mtu alijua, na Dardiri alijua zaidi. Kwa mwezi mzima baada ya nguzo aliapa kwa Mungu tu, kama watu wastaarabu, na hakuuza hata ndama. Wanunuzi walimtazama kama mtu anayeficha kitu. Jumanne ya tano akafumba macho, akasema, "Talaka juu yangu huyu ana miaka sita," na nyati akaondoka na mwenye kumnunua kabla jua halijapanda.

Kwa miaka kumi na saba Inshiraha aliishi juu ya ile moja iliyobaki. Kila Jumanne masikio yake yalikuwa barabarani. Alijifunza miguu ya watu: huyu anakuja kuazima chungu, huyu amefiwa, huyu amesikia kitu sokoni. Mtu akija mbio, alinawa mikono kwanza, ili safari hii asiachwe akiwa na unga. Hofu ile aliiwekea mahali, kama mtu anavyoweka ndoo chini ya paa linalovuja, akaendelea na kazi. Miaka ikapita, ndoo ikajaa, akaimwaga, ikajaa tena. Ikafika siku, hakumbuki lini, akagundua kwamba kilichokuwa kinadondoka si hofu tena. Ulikuwa uchovu. Na baadaye, jioni fulani akiwa peke yake na bata wake, aliona aibu kidogo kutambua kwamba anapotega sikio barabarani anakuwa kama mtu anayengoja mgeni.

Bata walikuwa wake. Mama yake alimwachia vyumba viwili kando ya mfereji, kuta za udongo na ua wenye kivuli, na humo Inshiraha alifuga bata waliojulikana mpaka mji wa Qina. Bata wa namna ile hanenepi kwa kuachiwa ale apendavyo. Unamweka mapajani, unampanua mdomo kwa kidole gumba, unamsukumia maharage yaliyorowekwa, konzi kwa konzi, ukimpapasa koo yashuke. Asubuhi na alasiri, siku arobaini. Bata wanalalamika siku tatu za mwanzo, halafu wanakuja wenyewe.

Sasa ikaja posa.

Haji Hamam, mwenye kinu cha asali nyeusi ya miwa, alitaka binti yao Rawhiya kwa ajili ya mwanawe. Kijana alimtaka binti, binti alimtaka kijana, Dardiri alitaka ukwe na kinu cha asali, na Inshiraha hakuona sababu ya kukataa. Kwa kuwa kila mtu amekubali, ilibaki kufanya ionekane ngumu. Wakapanga Ijumaa, baada ya sala.

Haji Hamam akaja na nduguze wawili na mkewe, Fawqiya, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu. Fawqiya akaingizwa jikoni kwa wanawake. Wanaume wakaketi sebuleni kwenye mikeka, na Dardiri akaleta sinia kwa mikono yake: bata mmoja wa siku arobaini, ngozi imeiva rangi ya asali, juu ya wali wa maini, na mlenda pembeni, na mikate ya jua, iliyoumuliwa juani.

Haji Hamam akaweka mikono magotini.

"Chakula chako ni cha heri, bwana Dardiri. Lakini tumekuja na haja. Hatutii kitu mdomoni mpaka utukubalie na Fatiha isomwe."

Hiyo ndiyo desturi, na mwenyeji mwenye akili hujibu, "Haja yenu imekubaliwa, kuleni." Lakini Dardiri alikuwa amekaa maisha yake yote katika kazi ambayo anayesema ndiyo kwanza ndiye anayeliwa.

"Kuleni kwanza. Mgeni hazungumzi na tumbo tupu nyumbani kwangu."

"Fatiha kwanza, bwana."

"Bata anapoa, Haji."

"Apoe tu. Nimekula bata wengi."

"Wa kwangu hujamla." Dardiri akaligusa sinia. "Talaka juu yangu, utamla bata huyu leo, tena kabla halijatamkwa neno la posa hapa!"

Haji Hamam naye akawa amekwisha kufungua mdomo. Nduguze wanasema alikuwa anataka kupiga chafya. "Na mimi talaka juu yangu! Sitii kitu chako mdomoni kabla ya Fatiha!"

Ndugu mmoja wa Haji, aliyekwisha kunyosha mkono kwenye wali, akaurudisha.

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Rawhiya, aliyekuwa nyuma ya pazia akisikiliza posa yake. Akaingia jikoni mdomo wazi.

"Mama. Wameapa."

"Nani?"

"Wote wawili."

Sebuleni wanaume walikuwa wanapiga hesabu. Haji akila kabla ya Fatiha, mke wa Haji kaachika. Fatiha ikisomwa kabla hajala, mke wa Dardiri kaachika, na hiyo ni ya tatu. Wasipofanya lolote, siku ikaisha na bata akaoza, kiapo cha Dardiri kitakuwa kimeshindwa vilevile. Ikaamuliwa Shekhe Abdulmuti aitwe, na bata arudishwe jikoni akae karibu na moto. Dardiri akamkabidhi Rawhiya sinia bila kuingia, kwa sababu hakuwa na uso wa kuingia nao.

Inshiraha akaliweka sinia chini, kati yake na Fawqiya. Wanawake wawili wakamtazama bata.

"Asipoliwa na mume wangu, wewe huna ndoa," alisema Fawqiya.

"Akiliwa na mume wako, wewe huna."

"Mungu awalaani wote wawili, na aliyewafundisha kusema." Fawqiya akajifuta jasho kwa ncha ya ushungi. "Shoga, mimi sikufichi. Nyumba yangu ina ghorofa mbili. Nina jokofu jipya. Nina mke wa mwanangu wa kwanza, akinisikia nakohoa anasimama wima. Nimemvumilia yule mwanamume miaka thelathini mpaka kufika hapo. Niende wapi leo, na nimekuja kula posa?"

"Mume wako amekwisha kukuacha mara ngapi?"

"Hajawahi. Hiki ni kiapo chake cha kwanza kushindikana. Yeye huapia mambo mepesi."

Inshiraha akacheka kwa pua. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Shekhe Abdulmuti akivua viatu. Alikuwa mzee sasa, mnene, na kitabu kilibebwa nyuma yake.

"Haya, nieleze nani aliapa kwanza," alisema Shekhe.

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Mmoja wa ndugu akapendekeza Haji aonje mchuzi tu, kwa kuwa mchuzi si bata. Mwingine akasema mchuzi ukitoka kwa bata ni bata. Dardiri akauliza kama mtu anaweza kula amelala usingizi, isihesabike. Shekhe akafikiri kwa muda mrefu, halafu akasema jambo ambalo hata yeye alionekana kulionea haya: kwamba Fatiha isomwe, na ikifika "Amin", pale pale kwenye "Amin", Haji afungue mdomo kwa ajili ya kuitikia, na nyama iingie.

"Nani atakayeitia?" aliuliza Haji Hamam.

"Dardiri."

"Anilishe? Kama bata?"

Jikoni Inshiraha alisikia yote. Alikuwa ametulia sana. Katika maisha yake yote watu wengine walikuwa wamelishika lile neno: mume, shekhe, kinyozi, serikali na nguzo yake. Mwanamke wa pale akitaka kuachwa huzunguka mahakamani miaka, akirudisha mahari na kulipa wakili, na mume anakaa nyumbani anakunywa chai. Leo neno lilikuwa limerudishwa jikoni kwake juu ya sinia, na lilikuwa la moto, na lilinukia iliki.

"Dada Fawqiya," akasema, "wewe unataka kubaki?"

"Nimekwambia."

"Basi baki."

Akashika paja la bata, akalivunja kwenye kiungo, akaling'ata.

Fawqiya alimtazama akitafuna. Alimtazama akimeza. Mwanamke yule hakuwa mjinga, maana mtu hafiki ghorofa mbili akiwa mjinga.

"Nyama yenyewe vipi?"

"Imeiva."

"Nipe bawa."

Rawhiya, aliyekuwa mlangoni, akajifunika uso. "Mama, unafanya nini? Mama!"

"Njoo ule, mwanangu. Wewe ndiwe unayeposwa."

Rawhiya hakuja. Alikaa kizingitini akilia bila sauti, huku akimtazama mama yake akila polepole, bila uroho, akivua nyama mfupani kama mtu anayesoma barua ndefu. Inshiraha hakuwa ameonja paja la bata wake mwenyewe kwa miaka. Paja lilikuwa la wageni, kifua cha mume, shingo na miguu ya aliyempika. Alishangaa jinsi lilivyokuwa laini. Alikula la pili. Fawqiya akamaliza mabawa yote mawili, akasema bora amalizie na mgongo, kwani ukibaki hata kipande wanaume wale watakitafutia fatwa.

"Leteni bata!" alipaza Dardiri. Walikuwa wamekubaliana juu ya "Amin".

Inshiraha akanawa mikono, akavuta ushungi, akainua sinia akaingia nalo sebuleni mwenyewe. Akaliweka mbele ya Shekhe. Mifupa ilikuwa imepangwa vizuri juu ya wali.

Haji Hamam ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kidogo cha mtu aliyeokoka, akakigeuza kuwa kikohozi.

"Mama Rifai," alisema Dardiri. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Ulisikia niliyosema?"

"Baba Rifai, walikusikia wa ng'ambo ya mto."

Dardiri akaketi, ingawa alikuwa ameketi tayari. Alishuka tu, mabega yakashuka, kilemba kikashuka. Shekhe Abdulmuti akakisogeza kitabu mbali kidogo na magoti yake.

"Jamani, tusiharakishe," akasema Shekhe. "Wanazuoni wa siku hizi, na hata sheria ya serikali, wanasema kiapo cha talaka cha mtu asiyekusudia kuacha si talaka. Ni kiapo tu. Dardiri, ulikusudia kumwacha mkeo?"

"Mimi? Nilikusudia Haji ale!"

"Basi ni kafara. Lisha maskini kumi. Mambo yameisha."

Wanaume wakapumua kwa pamoja, wakaanza kumsifu Mungu. Inshiraha alikuwa bado amesimama.

"Shekhe wetu," akasema, "ile siku ya nguzo ya umeme, Baba Rifai alikusudia kuniacha?"

Shekhe akakohoa. "Ile..."

"Alikusudia nguzo. Na siku ya moto alikusudia kinyozi. Ukafungua kitabu ukaniambia imepita, nikabeba nguo zangu mchana kweupe mbele ya watu. Siku hamsini nimeomba sukari kwa wifi yangu. Sasa leo nimekula bata wangu mwenyewe, wa mkono wangu, kitabu kimebadilika?"

"Mama Rifai, elimu inakua."

"Ilikua lini? Tangu asubuhi?"

Ndugu wa Haji akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Shekhe, kwa haki yake, hakukasirika. Alisugua kitabu kwa kiganja, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Nilikuwa kijana, mama. Huenda nilikosea mara zile mbili. Kama nilikosea mara zile, basi uko kwenye ndoa yako kamili na hujawahi kuachwa. Kama nilipatia mara zile, basi leo ni ya tatu. Siwezi kukwambia zaidi. Nia anaijua mwenyewe. Akienda kwa msajili akatamka, umeachika. Akikataa, hujaachika."

Kwa hiyo ikamrudia Dardiri. Na hapo ndipo Haji Hamam, ambaye bado hakuwa amekula kitu, alipokuna kidevu.

"Bwana Dardiri, mimi nafurahi kama hukukusudia. Ila niulize tu. Yule nyati niliyemchukua kwako mwezi wa Rajabu, uliyeapa kwa talaka kwamba hana ugonjwa wa kwato. Naye hukukusudia?"

Kiapo kisicho na nia hakiuzi nyati, na Dardiri alilijua hilo. Ndugu mmoja naye alikuwa amenunua ndama. Shekhe mwenyewe alikuwa amenunua punda.

Inshiraha aliondoka alasiri ile ile kwenda kwenye vyumba viwili vya mama yake kando ya mfereji. Mara hii hakuna aliyembebea wala kumsindikiza, na hakubeba mengi. Alilala kwenye mkeka kati ya magunia ya maharage. Asubuhi akawalisha bata, akakaa uani, akangoja.

Siku nne zilizofuata mji mzima ulikuwa na kazi. Kaka yake alikuja kumwambia amemtia aibu, akala mayai sita ya bata, akaondoka. Rifai alipiga simu kwenye duka la kando ya mfereji kutoka Kuwait, akilia, akiuliza nini hasa kimetokea, na Inshiraha alipomwambia, ukimya ulikuwa mrefu mpaka mwenye duka akadhani simu imekatika. Kumbe Rifai alikuwa anajizuia asicheke. Rawhiya alikuja kila jioni mapema, akasaidia kuroweka maharage. Siku ya tatu akauliza, "Mama, hukumpenda baba?"

Inshiraha alimsukumia bata konzi moja, akampapasa koo.

"Baba yako hajanipiga hata siku moja. Alikuwa akiniletea halawa kila Jumanne. Nilipougua ini aliuza saa yake." Akachota konzi nyingine. "Lakini mimi nimechoka kuwa kitu cha kuapia. Mtu akikuweka rehani kila siku, hata akikukomboa kila jioni, hulali."

"Akiacha kuapa?"

"Ataacha vipi? Mwulize samaki."

Jumanne Dardiri alikwenda sokoni. Akamshika nyati mmoja pembe, akafungua mdomo, na kabla hajatamka, mtu nyuma akasema, "Apa kwa bata!" Soko likaangua kicheko. Wachuuzi wa kamba walilia kama bata, walilia kweli, kwa sauti ya bata, safu kwa safu, mpaka nyati wakatishika. Dardiri alikaa juu ya gunia la makapi mpaka adhuhuri, na hakuna aliyemwuliza bei.

Alasiri akaja mferejini. Akasimama nje ya ua, kofia mkononi, kilemba kimefunguka mabegani.

"Mama Rifai. Nikisema sikukusudia, wananicheka, sina kazi. Nikisema nilikusudia, sina mke."

"Ndiyo."

"Na nikishakuacha, wiki ijayo nitaapa kwa talaka ya nani?"

Inshiraha akamtazama. Swali lile alikuwa amelifikiria kabla yake, tangu paja la kwanza.

"Ndiyo," akasema tena.

"Wewe unataka nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza, kati ya watu wote waliokalia jambo lile, pamoja na kitabu. Akatazama mikono yake. Haikuwa na unga.

"Nataka uende ukaseme kwa mdomo wako, ukimaanisha mimi. Mara moja tu. Si kinyozi wala nguzo."

Msajili wa ndoa na talaka alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la rangi, na feni isiyozunguka. Jumatano asubuhi walikaa mbele yake, Dardiri kwenye kiti, Inshiraha kwenye benchi, mashahidi wawili mlangoni. Msajili akafungua daftari, akalowesha ncha ya penseli ya wino ulimini, akaandika majina yao. Akamwambia Dardiri atamke.

Dardiri akafungua mdomo.

Ulimi uliokuwa umelisema lile neno juu ya chai, juu ya nauli, juu ya hali ya hewa, juu ya meno ya nyati elfu, ulisimama. Akajaribu tena, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Mashahidi wakatazama sakafu. Kupitia dirishani ilisikika sauti ya mtu akikoroga rangi kwenye pipa.

"Bwana," alisema msajili, "sina siku nzima."

"Nimemw..." Dardiri akamgeukia Inshiraha, macho yamejaa. "Sijui namna ya kulisema."

"Sema tu, Baba Rifai," akasema Inshiraha kwa upole. "Hakuna mtu anayenunua kitu."

Akalisema. Alilisema kwa sauti ndogo mno, hata msajili akamwomba arudie ili mashahidi wasikie, na Inshiraha akainua mkono, akasema hapana, amesikia yeye, inatosha. Msajili akaguna, akaandika.

Walishuka ngazi mmoja mmoja. Nje jua lilikuwa limepanda na barabara ilikuwa na vumbi la malori ya miwa. Dardiri alikuja nyuma yake akijipangusa uso kwa kilemba, akaonyesha gari dogo la mzigo alilokuwa ameliazima.

"Panda nikufikishe mferejini. Ni mbali kwa miguu."

Inshiraha aligeuka kumjibu kama alivyomjibu miaka thelathini na mitatu, mdomo ukiwa wazi, uso wazi. Halafu akakumbuka. Akashika ncha ya ushungi, akauvuta polepole juu ya uso wake, ukabaki wazi kwa jicho moja tu, kama inavyompasa mwanamke anayejiheshimu anaposemeshwa barabarani na mwanamume asiye wa nyumba yake.

"Mungu akuzidishie, mjomba," akasema, kama anayemjibu mwanamume yeyote wa njiani, akashika njia ya mfereji.